Pryor au Carlin: nani wa kuanza naye kama unataka kupanda jukwaani Dodoma

Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge la Bajeti linapokaa, Dodoma hujaa wageni. Kumbi zinapata kazi, na kila mwenye ukumbi anatafuta mtu wa kumchangamshia wateja. Ndicho kipindi ambacho vijana hunijia kwa wingi. Wapo wa UDOM, wapo wa Chuo cha Mipango, wapo wanaouza nguo Majengo mchana kutwa na jioni wana daftari mfukoni. Swali lao huwa moja: "Mwalimu, nataka kusimama mwenyewe na maiki nichekeshe. Nimtazame nani?"

Nimekuwa MC wa harusi na sendofu mjini hapa kwa miaka mingi, na jioni mbili kwa wiki nakaa na vijana hawa katika darasa tunaloazimwa. Zamani nilikuwa nawatajia majina kumi. Walirudi baada ya wiki wamevurugikiwa, kila mmoja akiongea kwa sauti ya yule aliyemtazama mwisho. Siku hizi nataja mawili tu, na kila mmoja anachagua moja akae nalo miezi mitatu: Richard Pryor au George Carlin, wachekeshaji wawili wa Marekani.

Kuna wanaoniuliza kwa nini nisianzie nyumbani. King Majuto, aliyetutoka Agosti 2018, ametufundisha wote kucheka, na sijui nyumba ya umri wangu isiyolijua jina lake. Lakini kazi yake ilikuwa igizo. Mchekeshaji wa igizo ana mwenzake wa kumkasirisha, ana mlango wa kuingilia, ana kiti cha kuangukia. Anayesimama peke yake ana mdomo wake, mwili wake, na watu mia wanaomkodolea macho. Sanaa hiyo ya mtu mmoja na saa nzima ilipevukia Marekani, na hawa wawili ndio walioipa sura tunayoijua leo. Televisheni ya Comedy Central ilipowapanga wachekeshaji mia wa jukwaani mwaka 2004, Pryor alikuwa wa kwanza na Carlin wa pili. Jarida la Rolling Stone likawaweka hivyo hivyo mwaka 2017. Nafasi hizo waachie wenyewe. Sisi tunatafuta anayemfaa kijana wa Dodoma mwenye Kiswahili kinywani, Kiingereza cha darasani na bando la wiki.

Nitakwambia mapema ninaposimama: wengi wenu mnapaswa kuanza na Pryor. Lakini si wote, na sababu zenyewe ndizo muhimu.

Walikotoka

Pryor alizaliwa mwaka 1940 Peoria, katika jimbo la Illinois, akalelewa na bibi yake mzaa baba ambaye alikuwa akiendesha danguro. Mama yake mzazi alikuwa akijiuza humo humo. Mtoto aliyekua katika nyumba kama ile alijua kusikiliza mapema: walevi, wacheza kamari, wazee wenye maneno mengi, wanawake waliochoka. Miaka mingi baadaye watu wa namna hiyo ndio aliopanda nao jukwaani.

Carlin alimtangulia kuzaliwa kwa miaka mitatu, New York, akalelewa na mama yake na kusomeshwa katika shule za Kikatoliki. Aliingia jeshi la anga, na akiwa bado askari akaanza kutangaza redioni Shreveport, Louisiana. Kumbuka hilo la redio. Utalisikia katika kila neno analotamka.

Hapa pana jambo linalowafananisha, nami hulisimulia kila kikundi kipya. Miaka ya sitini wote wawili walikuwa watu wa suti na vichekesho safi vya televisheni, na wote wawili walikuwa wanafanikiwa. Kisha wote wawili wakaachana na mafanikio hayo, na kwa wote wawili habari ilipitia Las Vegas. Mwaka 1967 Pryor alisimama mbele ya hadhira katika hoteli ya Aladdin, akawatazama, akajiuliza kwa sauti anafanya nini pale, akashuka na kuondoka. Mwaka 1970 Carlin alifukuzwa na hoteli ya Frontier kwa sababu ya neno moja chafu. Mmoja aliondoka mwenyewe, mwingine alitimuliwa. Na kila mmoja alirudi na alichokuwa amekificha: Pryor akarudi na watu wa Peoria, Carlin akarudi na ugomvi wake juu ya maneno.

Zima sauti

Jaribio langu la kwanza ni hili. Chukua onyesho la Pryor lililotoka mwaka 1979, Live in Concert, lililorekodiwa Long Beach, California. Zima sauti. Tazama dakika kumi.

Utamwona mtu mwenye shati jekundu akitembea uani. Ghafla ngumi inajikunja kifuani, goti linakwenda chini, kisha jingine, kisha mwili wote uko sakafuni unajipinda. Huhitaji Kiingereza kujua kwamba moyo umemshika. Sasa washa sauti. Moyo wenyewe unaongea naye, unamfokea kama askari aliyemkamata mwizi. Unamuuliza kwa nini leo anawaza kufa, mbona hakuwaza alipokuwa akila nyama ya nguruwe? Pryor anajaribu kumwomba Mungu kimyakimya, moyo unamgundua na kumbana zaidi. Nimewaonyesha kipande hicho vijana ambao hawajawahi kutoka nje ya mkoa huu. Likifika la nguruwe, darasa zima linacheka kabla sijatafsiri chochote. Kitimoto wanaijua, na presha ya wazee wao wanaijua.

Katika onyesho hilo hilo anasimulia nyani wake wawili walivyokufa. Amekaa uani analia, mbwa mkali wa jirani, ambaye siku zote humkimbiza, anaruka uzio na kuja kumpa pole. Mbwa anasikitika kweli. Anakiri kwamba nyani wale alikuwa na mpango wa kuwala. Kisha anaaga na kumkumbusha Pryor kwamba kesho kukimbizana kuko pale pale.

Msikilize mbwa huyo vizuri, halafu umkumbuke bibi yako akikusimulia sungura na fisi jioni mlipokuwa mkipukuchua mahindi. Ni kazi moja. Msimulizi haelezi fisi alikuwaje, anakuwa fisi. Mabega yanashuka, sauti inakwama puani, na mtoto anasogea karibu na mama yake. Sisi tumelelewa na ufundi huo, tunauacha mlangoni tunapokwenda kushika maiki kwa sababu tunadhani mchekeshaji ni mtu wa kusema maneno ya kijanja. Pryor atakurudishia.

Mzimie Carlin sauti, utabaki na mwanamume mwenye ndevu, aliyevaa nguo nyeusi, akizunguka jukwaani na kunyoosha vidole. Uso wake ni wa ajabu, sisemi hana mwili. Ila mzigo wote uko ndani ya maneno.

Anayesikika na anayeeleweka

Vijana hulalamika kwamba Pryor hasikiki. Ni kweli. Anaongea kwa kasi, kwa lafudhi za mitaa ya watu weusi wa Marekani, na mhusika wake Mudbone, mzee kutoka Tupelo, Mississippi, anameza nusu ya kila neno. Carlin kinyume chake: ni mtangazaji, kila konsonanti ina nafasi yake. Mwanafunzi mwenye Kiingereza cha kidato cha nne anamfuata bila shida.

Halafu unagundua kwamba umesikia kila neno na hujacheka. Vichekesho vya Carlin vimejengwa juu ya Kiingereza chenyewe: neno lenye maana mbili, msemo usio na mantiki, tofauti ndogo kati ya visawe. Ukivivusha kuja Kiswahili vinakufa njiani. Nimeona kijana akisimama mbele ya wenzake na kutafsiri kipande cha Carlin neno kwa neno, kazi ya wiki mbili, na ukumbi ukamtazama kwa huruma. Kijana alikuwa na kipaji. Alichokibeba ndicho hakikuwa na mizizi.

Kwa hiyo Carlin anasikika upesi na kueleweka polepole. Pryor anaeleweka kabla hajasikika. Kwa anayeanza, hilo peke yake lingetosha kuamua.

Neno alilolitema

Kuna sababu nyingine, nayo kwangu ndiyo kubwa.

Mwaka 1979 Pryor alisafiri kwenda Kenya. Kutoka hapa kwetu ni barabara moja: Kondoa, Babati, Arusha, Namanga. Baadaye, katika onyesho la filamu la mwaka 1982, alisimulia jinsi alivyokuwa ameketi katika ukumbi wa hoteli akitazama watu. Weusi, wa kila kazi na kila rangi ya weusi. Sauti ndani yake ikamuuliza kama kati yao anamwona hata mmoja wa kuitwa kwa lile tusi ambalo Wazungu wa Marekani waliwabandika watu weusi. Hakumwona. Na huyu ni mtu aliyelitumia neno hilo maelfu ya mara, aliyeliweka hata kwenye majina ya albamu zake, aliyechekesha nalo akapata tuzo. Akasema hatalitumia tena kumwita mtu mweusi mwenzake.

Mimi ni Mgogo. Kila aliyewahi kukaa katika ukumbi wa harusi Tanzania anajua kichekesho cha Mgogo ombaomba. Ni kicheko cha bure, hakina gharama wala ufundi. Unataja kabila, unanyoosha mkono, ukumbi unacheka. Wanakitumia wageni, na tunakitumia sisi wenyewe, mimi nikiwemo kwa miaka kadhaa. Siku moja nilikwenda na mama kwenye sherehe ambayo mwendeshaji wake hakuwa mimi. Akakitoa. Meza zote zikacheka. Mama alikuwa na kitenge kipya, amekaa wima. Akacheka kwa adabu na wengine. Njiani akaniuliza kwa Kigogo kama huko mjini ndivyo tunavyoonekana.

Sikumjibu usiku ule. Sijakitumia tena tangu hapo.

Usinielewe vibaya, utani siugusi. Mtani wetu akija msibani akalala kaburini na kudai apewe kuku ndipo atoke, ana haki hiyo tangu enzi za mababu, na sisi tutamlipa kwake siku ikifika. Utani una pande mbili na una deni. Kichekesho cha ombaomba kina upande mmoja. Ukitaka kuona tofauti hiyo ikifanyiwa kazi na bingwa, mtazame Pryor anavyowaigiza watu wa mtaani kwake: mlevi ana heshima yake, mzee ana hekima yake, hata mwizi ana hoja. Anawacheka akiwa ndani ya ngozi yao. Sijaona kwa Carlin kitu cha kulingana na hicho. Carlin anasimama nje ya watu na kuwapima, tena miaka ya mwisho alisema waziwazi kwamba ameukatia tamaa ubinadamu. Ana haki yake. Lakini kijana wa miaka ishirini na mbili akianza na kukata tamaa, ataishia kuwatukana waliokuja kumsikiliza.

Pale Carlin anapomshinda

Anamshinda kwenye kalamu, na kwa mbali.

Kati ya 1977 na 2008 Carlin alirekodi maonyesho kumi na manne ya televisheni ya HBO. La mwisho lilikuwa Machi 2008, akiwa na miaka sabini, miezi mitatu na ushee kabla moyo wake haujasimama. Aliandika kila kitu mwenyewe, alihifadhi vijikaratasi vya mawazo kwa mpangilio, na akishatoa saa moja alianza kuunda nyingine mpya. Pryor ametuachia maonyesho machache tu ya filamu, na baada ya kugunduliwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu mwaka 1986 mwili ulianza kumnyima jukwaa. Ukitaka kuona mwandishi anavyokua kwa miaka thelathini, hakuna shule kama Carlin.

Tena Dodoma ni mji wa Carlin kuliko tunavyokiri. Katika onyesho lake la mwaka 1990 alifuatilia jina la ugonjwa wa akili unaowapata askari vitani. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia lilikuwa na silabi mbili, fupi kama risasi. Vita iliyofuata likarefuka, iliyofuata likarefuka tena, hadi likafika silabi nane na maumivu ya mtu yakawa yamezikwa chini ya maneno. Sasa tembea siku moja Mtumba kwenye mji wa Serikali, au washa redio saa ya taarifa ya habari. Shida imekuwa changamoto. Aliyebomolewa nyumba amepisha mradi. Jambo lisilofanyika liko kwenye mchakato, na lisilojibiwa litafanyiwa kazi. Hakuna mji Tanzania wenye malighafi hii kwa wingi kama wetu, na sijaona bado kijana aliyeketi akaivuna ipasavyo.

Usichukue tu lile lililompa sifa rahisi. Mwaka 1972 Carlin alikamatwa Milwaukee kwa sababu ya kipande chake cha maneno saba yasiyosemwa kwenye televisheni. Kesi ilifutwa Desemba mwaka huo huo. Kituo kimoja cha redio New York kilipokirusha kipande kama hicho mwaka 1973, shauri lilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1978 majaji watano dhidi ya wanne wakaipa nguvu mamlaka ya mawasiliano kuyadhibiti maneno hayo hewani. Vijana wanaosikia habari hiyo wanadhani siri ilikuwa matusi. Siri ilikuwa uchambuzi: aliuliza neno linapata wapi uchafu wake. Ukitukana tu kwenye ukumbi wa Dodoma, wazazi watainuka na mwenye ukumbi hatakuita tena. Na sheria zetu si za Milwaukee. Mwaka 2020 mchekeshaji Idris Sultan alishikiliwa na polisi kwa siku kadhaa baada ya kusambaza video akiicheka picha ya zamani ya Rais wa wakati huo. Soma Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kabla hujarusha chochote, na ujisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa.

Maisha yao usiyanunue pamoja na kazi yao

Hili nalisema haraka kwa sababu linaniuma. Juni 1980 Pryor, akiwa ndani ya kokeini, alijimwagia pombe kali akajiwasha moto. Zaidi ya nusu ya mwili wake iliungua. Carlin naye alitumia dawa kwa miaka, alipata mshtuko wa moyo mara kadhaa, na deni la kodi lilimlazimu kuzunguka na maonyesho muda mrefu. Kuna vijana wanaoamini kwamba makali ya Pryor yalitoka huko. Tarehe zinawakatalia: saa yake bora kuliko zote ilirekodiwa kabla ya moto. Alifariki Desemba 2005, siku tisa baada ya kutimiza miaka sitini na mitano, akiwa ameshakaa kimya miaka mingi. Kila mwaka wa kimya hicho ni onyesho tulilolikosa.

Basi chagua hivi

Kama unatoka kwenye familia ya wasimuliaji, kama marafiki hukuomba uigize mwalimu mkuu au konda wa basi la Kondoa, chukua Pryor bila kusita. Kama wewe ni mwoga wa kutumia mwili, chukua Pryor vilevile, ni dawa. Anza na lile la 1979, dakika kama themanini hivi, ulitazame mara ya kwanza bila sauti. Tumia visikilizi ukiwasha sauti. Si la kutazama sebuleni na wazazi wala watoto.

Carlin anza naye ikiwa wewe ni mtu wa redio, mwalimu wa lugha, mwanasheria, au mtu ambaye tayari ana dakika ishirini zinazochekesha na ameishiwa. Anza na lile la 1990. Usitafsiri hata sentensi moja. Andika tu anauliza maswali gani kuhusu neno, kisha yaulize maswali hayo hayo kwa Kiswahili.

Ukiwa na nia ya kuwatumia wote wawili, Pryor atangulie. Ukianza na Carlin utajifunza kuhukumu watu kabla hujajifunza kuwaona, na sijapata kumrudisha aliyeanza hivyo.

Mwaka jana alikuja kijana wa Mpwapwa, mpole, aliyekuwa akichekesha kwa vichekesho vya mtandaoni. Alikaa na Pryor miezi mitatu. Aliporudi alipanda na kipande kimoja tu: bibi yake akipatana bei na dereva wa bodaboda ampeleke mnadani na mbuzi. Alikuwa bibi, akawa dereva, na mwisho akawa mbuzi aliyekaa katikati yao, akisikiliza bei yake ikijadiliwa. Watu walilia kwa kucheka, na hakuna hata sekunde moja iliyokuwa ya Pryor. Wiki hiyo nilimpa Carlin. Sasa anatembea na daftari dogo la maneno anayoyasikia maofisini. Ukurasa wa kwanza umeandikwa "kupisha", na chini yake ameanza kuorodhesha kila kitu ambacho watu wamewahi kuambiwa wapishe.